Ukumbusho: Mchoraji wa Lubumbashi na Wafu Wasio na Makaburi

Mtu afapo kwetu, tanzia hutangazwa, maiti huoshwa na kukafiniwa, jeneza husindikizwa, matanga hukaliwa na hitima husomwa. Na mambo haya yote, ingawa hayairudishi roho iliyokwisha kwenda zake, huwapa waliobaki mahali pa kuiweka huzuni yao, kwani majonzi ni kama maji, hayashikiki pasipo chombo, na chombo cha kwanza cha majonzi ni kaburi. Walakini wako wafu ambao dhuluma haikutosheka kuwanyima uhai, ikawanyima na kaburi pia. Jamaa zao hawajui pa kusimama wakainua mikono kuomba dua, na habari zao huzungumzwa kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Huzuni ya namna hii hukaa wapi? Kijana mmoja wa Lubumbashi, katika lililokuwa jimbo la Katanga nchini Kongo, aliijibu hoja hii kwa brashi na rangi, juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Jina lake lilikuwa Tshibumba Kanda Matulu.

Alizaliwa mwaka 1947, mji huo ulipokuwa ukiitwa Élisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Ni mji wa shaba. Wabelgiji waliuasisi mwaka 1910, miaka minne baada ya kuundwa kwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na kwa ajili ya migodi na tanuri za kampuni hiyo wakakusanya wanaume wa makabila mengi kutoka pande za mbali, watu ambao hawakuwa na lugha moja ya kuulizana hali. Kiswahili, kilichofika huko kwa njia nyingi, misafara ya biashara ikiwa mojawapo, kikawa lugha ya kazi, kisha ya sokoni, kisha ya mama na mtoto. Kina ladha yake: sisi tusemapo "watu", wao husema "batu", na Kifaransa kimejipenyeza humo kama Kiarabu kilivyojipenyeza katika Kiswahili cha pwani, lakini mtu wa Mombasa au Tanga akikitegea sikio kwa utulivu, hakosi kuzipata maana nyingi. Hata jimbo lenyewe, tangu mwaka 1971 hadi 1997, lilikuwa na jina tunalolijua sote, yaani Shaba.

Katika mitaa ya wafanyakazi wa mji huo, baada ya uhuru, ilichipuka sanaa ambayo haikuzaliwa na shule yoyote wala kufadhiliwa na serikali. Wachoraji wake walikuwa vijana wa mtaani waliozunguka na picha zao kwapani, nyumba hata nyumba, wakiziuza kwa bei ambayo mtu wa mshahara aliweza kuimudu. Vifaa vyao vilikuwa hafifu: kitambaa cha mfuko wa unga, mfano wa marekani, kikavutwa juu ya fremu ya mbao nyembamba, kikapakwa nyeupe ili rangi ishike, kisha ikaja sura yenyewe, na mara nyingi maneno machache ya Kifaransa yakaandikwa juu ya picha, kueleza ni nani huyu na ni mwaka gani ule. Mnunuzi aliitundika sebuleni, mahali wageni wanapokaa.

Ukimwuliza mwenye nyumba picha ile ni ya nini, hakukujibu kwamba ni pambo, bali alikuambia kwamba ni ukumbusho. Neno hili sisi wa pwani tunalo pia, ila tumelizoea juu ya mawe ya msingi na minara ya serikali. Kwa watu wa Lubumbashi lilikuwa na kazi nzito zaidi: ukumbusho ni kitu kinachomsukuma mtu kuwaza na kusema. Picha ilikuwa kimya mpaka mgeni alipoitazama na kuuliza, ndipo mwenyeji alipopata fursa ya kusimulia, na katika kusimulia yakatoka mambo ambayo hayakuchorwa. Tulio na methali isemayo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, twaweza kudhani kwamba watu hawa walikuwa wakijichokonoa vidonda bure. Lakini wao waliona kinyume chake, kwamba ndwele isiyotajwa jina haina mganga.

Chukua mfano wa picha iliyochorwa na wengi na kununuliwa na wengi, iitwayo kwa Kifaransa *Colonie belge*, maana yake koloni la Ubelgiji, ambayo Tshibumba naye aliichora mara nyingi. Ni uwanja wa jela. Bendera ya Ubelgiji inapepea. Wafungwa wamevaa sare zenye milia ya manjano na nyeusi. Mmoja wao amelazwa kifudifudi, nguo imeshushwa, na askari amesimama juu yake ameinua kiboko. Kando yuko bwana mkubwa wa Kizungu, kofia kichwani na kiko mdomoni, anatazama jinsi mtu atazamavyo kazi inayokwenda sawasawa. Pengine huonekana wanawake waliokuja kuwaletea chakula waume zao, wamesimama mbali kidogo, wasiweze kusogea wala kuondoka. Juu imeandikwa miaka: 1885–1959.

Mtazame sasa yule askari. Ni mweusi kama yule aliyelala chini. Bwana mkubwa hakushika kiboko, wala hana haja ya kukishika. Mchoraji angeweza kuibadili zamu hii, akampa Mzungu kiboko na kumpunguzia mtazamaji aibu, lakini hakufanya hivyo; na hapo ndipo picha inapotoka katika mashtaka na kuingia katika fikira, kwa maana humwuliza mtazamaji ni nani aliyempiga baba yake. Aidha, picha hii ilinunuliwa kwa wingi katika miaka ya 1970, wakati Wabelgiji wamekwisha kuteremsha bendera yao na nchi iko chini ya Rais Mobutu, aliyetwaa madaraka kwa jeshi tarehe 24 Novemba 1965. Miaka iliyoandikwa juu ilimhifadhi mchoraji na mnunuzi pia: mambo haya ni ya kale, ni ya wakoloni. Lakini aliyepigwa na askari jana akiitazama picha ile leo hahitaji kufafanuliwa.

Mwaka 1973 Tshibumba, akiwa katika mizunguko yake ya kuuza, alifika kwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Wengine waliofika hapo waliuza wakaenda zao. Huyu alikuwa na shauri kubwa moyoni: alitaka kuichora historia yote ya nchi yake, tangu wahenga hata siku ile, na hata kuugusa wakati ujao, naye alijiita mwanahistoria, akaitetea sifa hiyo kwa ukakamavu. Wakakubaliana. Katika mwaka huo na uliofuata, Tshibumba alileta picha fungu kwa fungu hata zikafika takriban mia moja, na kila alipoleta fungu waliketi pamoja, kinasa sauti kikiwa wazi, akazieleza moja moja kwa Kiswahili. Mambo yale ya sebuleni, picha na masimulizi yake, yakahifadhiwa yote mawili.

Mtu akizipitia picha hizo kwa mpango wake huona wafalme, wavumbuzi, wamisionari, reli, viwanda na siasa. Lakini akizitazama kwa jicho la msiba huona uzi mmoja unaozishona, nao ni wafu waliokosa mazishi ya haki. Yumo Msiri, mtawala wa Garenganze, ambaye asili yake ilikuwa Unyamwezi, katika nchi iitwayo leo Tanzania, na ambaye mji wake mkuu ulikuwa Bunkeya. Mwaka 1891 msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kuondoka pwani yetu ukiwa na wapagazi na askari wa Zanzibar, ulifika kumtaka Msiri akubali bendera ya dola la Leopold. Hakukubali. Tarehe 20 Desemba afisa mmoja wa msafara, aitwaye Bodson, alimpiga risasi, naye Bodson akapigwa risasi iliyomwua. Kichwa cha Msiri kilikatwa, na hata leo simulizi za Katanga huuliza kichwa kile kilipelekwa wapi. Sisi wa pwani hatuwezi kuisoma habari hii kama ya wageni watupu, kwa kuwa mizigo ya msafara ule ilibebwa mabegani mwa watu wetu.

Umo pia mgomo wa mwaka 1941. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vikiendelea, shaba ya Katanga ilihitajiwa sana na madola yaliyopigana na Hitler, bei za vyakula na nguo zilipanda, na mishahara ya Waafrika ikabaki nyuma. Wafanyakazi wa migodi wakagoma. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika kiwanja cha mpira cha Élisabethville, na askari wakawafyatulia risasi. Watu wengi walikufa, akiwamo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Tshibumba hakuwa amezaliwa. Alichora alichosimuliwa na wakubwa wake katika mji ambao watu waliendelea kucheza mpira na kufanya kazi huku wakijua damu ya nani ilimwagika wapi. Jambo lililokuwa likisemwa midomoni, wazee wakifa na kupungua mwaka hata mwaka, likapata kitambaa cha kulishika.

Lakini kitovu cha kazi yake yote ni Patrice Lumumba, na hapo yafaa tukae kidogo.

Lumumba, aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Na siku ile ile, mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, alisimama akataja hadharani matusi, mapigo na shokoa ambazo wenzake walizibeba chini ya ukoloni. Siku kumi na moja baadaye Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, alitangaza kwamba jimbo hilo limejitenga. Mwaka haukuisha Lumumba akawa ameondoshwa madarakani na kukamatwa. Tarehe 17 Januari 1961 yeye na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, walipakiwa katika ndege wakapelekwa Élisabethville, mikononi mwa mahasimu wao. Walipigwa njiani, na usiku ule ule wakauawa kwa risasi porini nje ya mji. Kisha, kwa kuogopa kwamba kaburi lingekuwa mahali pa kuzuriwa, maiti zao zilifukuliwa, na afisa wa polisi wa Kibelgiji akasimamia kazi ya kuzikatakata na kuziyeyusha kwa tindikali. Siku hizo Tshibumba alikuwa mtoto wa miaka isiyozidi kumi na minne. Na miaka miwili iliyofuata, hata kujitenga kwa Katanga kukakomeshwa Januari 1963, ilileta mapigano ya askari wa Umoja wa Mataifa na wa Tshombe, yaliyoingia katika picha zake baadaye.

Alimchora Lumumba akihutubia, akiwa na mfalme siku ya uhuru, akishikwa na askari mikono imefungwa. Kisha akachora kile ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukiona. Miili mitatu imelala chini, mahali pa wazi, chini ya mbingu kubwa. Wa mbele ni Lumumba. Ubavu wake una jeraha, na damu inayotoka humo haikutapakaa ovyo kama damu itapakaavyo. Imetiririka juu ya ardhi ikaunda herufi, na herufi zikaunda neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Nyuma, mbali, juu ya kilima, imesimama misalaba mitatu.

Mkristo yeyote wa Lubumbashi aliielewa misalaba hiyo bila kufunzwa, na Tshibumba mwenyewe, alipoieleza picha hii, alimfananisha Lumumba waziwazi na Yesu, mtu aliyetolewa kwa ajili ya watu wake. Lakini mfano huo una jambo jingine ndani yake, ambalo mtazamaji asiye na haraka hulifikia polepole. Wauaji walikusudia pasibaki mwili. Mchoraji akairudisha miili mitatu kamili, viungo vyote mahali pake, ikiwa imelazwa juu ya ardhi ya nchi yao, na alama juu ya kilima mfano wa zile ziwekwazo makaburini. Alichokataliwa Lumumba na mahasimu wake alipewa na kijana mwenye mfuko wa unga. Na kwa kuwa picha hiyo ilirudiwa kwa wanunuzi mbalimbali, kaburi hilo likawa katika sebule nyingi kwa wakati mmoja, ambapo hakuna askari angeweza kulifukua.

Wako watakaosema kwamba hii si historia ya kweli. Kauli hiyo haikosi insafu: mtu akizilinganisha picha za Tshibumba na nyaraka ataona siku zilizochanganyika, watu waliokutanishwa ambao hawakukutana, na matukio mawili yaliyofanywa moja. Hakuna damu iliyowahi kuandika neno. Na mwenye kutaka kujua ndege ilitua saa ngapi, na aendee kumbukumbu za serikali, asimwendee mchoraji. Lakini kumbukumbu za serikali ya Ubelgiji juu ya jambo hili zilifichwa miaka mingi, na serikali ya Mobutu, iliyomtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa mwaka 1966, haikuwa na hamu ya kueleza jinsi shujaa huyo alivyotiwa mikononi mwa wauaji wake. Pale ambapo wenye karatasi wamenyamaza, aliyebaki na neno ni yule mwenye kumbukumbu, nayo kumbukumbu haiandiki saa, huandika uzito. Tshibumba alichora uzito wa tukio katika mioyo ya watu wa mji wake, na huo nao ni ukweli ambao mwanahistoria akiuacha atakuwa ameacha nusu ya habari.

Fabian aliondoka Lubumbashi mwaka 1974. Hali ya nchi ilizidi kuharibika, mishahara ikapoteza thamani, na watu waliokuwa wakinunua picha wakaanza kununua unga tu, bila kubakiwa na kitu. Biashara ya ukumbusho ikafifia pamoja nao. Kuhusu Tshibumba mwenyewe, habari zake zinakatika karibu na mwaka 1981. Hakurudi kwa waliomfahamu, wala tanzia yake haikutangazwa. Mtu aliyewatafutia makaburi wafu wa nchi nzima akapotea bila kuonyeshwa la kwake.

Picha zake hazikupotea. Fabian alizitoa katika kitabu mwaka 1996 pamoja na maelezo ya mchoraji yaliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Mwaka 1999 kazi zake na za wenzake juu ya Lumumba zilionyeshwa New York. Na mkusanyiko ule wa picha takriban mia moja umo katika jumba la makumbusho lililokuwa likiitwa Tropenmuseum mjini Amsterdam, mahali ambapo mfanyakazi wa migodi wa Lubumbashi, ambaye ndiye aliyekusudiwa, hawezi kufika kwa nauli yake. Haya si ya kumlaumu aliyezihifadhi, kwani nyingi kati ya zile zilizobaki majumbani ziliharibika kwa mvua, mchwa na kuhamahama. Ila yapasa yasemwe.

Tarehe 20 Juni 2022 serikali ya Ubelgiji iliwakabidhi jamaa wa Lumumba jino moja, ambalo yule afisa wa polisi alilichukua na kulificha kwake kama kumbukumbu ya kazi yake. Ndilo pekee lililobaki la mwili ule. Jeneza lenye jino hilo lilizungushwa nchini, likafika na Lubumbashi, na tarehe 30 Juni, miaka sitini na miwili baada ya uhuru, likazikwa Kinshasa. Mpolo na Okito hawakuwa na cha kuzikwa. Kwa hao wawili, picha za Tshibumba ni miongoni mwa mahali pachache mno ambapo macho yaweza kutua juu ya miili yao na kusema, hawa hapa.

Nimalizie kwa neno kwa msomaji. Yote aliyoyaeleza Tshibumba juu ya picha zake aliyaeleza kwa Kiswahili, na maandishi ya mazungumzo yale katika lugha hiyo yamehifadhiwa na kuchapishwa. Hata hivyo wanaoyajua ni wasomi wa Ulaya na Marekani kuliko sisi ambao lugha ni yetu. Katika shule zetu watoto husoma habari za Lumumba kwa mistari michache, na za wagomaji wa 1941 hawazisomi kabisa. Mwalimu mwenye fursa na awaonyeshe wanafunzi picha ile ya misalaba mitatu, kisha anyamaze, awaache waulize. Na sisi wenyewe tuyatafute maneno ya mchoraji huyu na kuyasoma kama alivyoyasema, pamoja na "batu" wake wote.